Wanaotuchelewesha

Mwezi wa Februari, bonde la Songwe huamka likiwa limefunikwa. Mvua za msimu zinakuwa zimeloweka ardhi tangu Novemba. Usiku mbingu zikitakata, ardhi inapoa haraka, hewa baridi inateremka kutoka milima inayouzunguka mji wa Mbeya na kutuama bondeni, na unyevu wote ulioko hewani unageuka ukungu mzito. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya uwanja mdogo wa zamani uliokuwa mjini Mbeya, uko humo humo bondeni. Ndege kubwa inahitaji tambarare ndefu, na katika nchi ya milima tambarare inatafutwa chini. Kwa hiyo panapofaa ndege kutua ndipo ukungu nao unapolala. Jua likipanda ukungu huinuka na kuyeyuka. Anayefika kabla ya hapo hana budi kungoja angani, au kugeuza.

Nilipita njia hiyo nikimsindikiza shangazi yangu nyumbani kwake Matamba, wilayani Makete, na tangu siku ile nimekuwa nikiwafikiria watu wa aina moja ambao hatuna desturi ya kuwashukuru. Ni wale wanaotuchelewesha kwa makusudi, wanaokataa kutufikisha haraka ilhali uwezo wa kujaribu wanao. Tunamshukuru aliyetufikisha. Aliyetusimamisha njiani tunamnung'unikia, na akishatufikisha tunasahau kwamba alitusimamisha. Nadhani hesabu yetu ina kasoro hapo.

Shangazi alikuja Dar es Salaam kumtunza binti yake aliyejifungua. Arobaini ikaisha, na huko nyumbani viazi vilikuwa vinangoja kuchimbwa. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 700 hadi Chimala, unapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima. Unaondoka alfajiri na kufika usiku, na magoti yake hayakubali tena kukunjwa muda wote huo. Wanawe wakachanga nauli ya ndege. Tuliruka kabla jua halijachomoza, yeye dirishani, mkoba wake wa kamba mapajani kwa sababu alikataa katakata kuuweka juu. Tuliiona milima ya Uluguru ikitoka gizani, kisha Udzungwa na misitu yake, kisha nchi ikashuka na kutandaa mashamba ya mpunga ya Usangu, maji yakimetameta katika majaruba.

Shangazi aliifahamu nchi ile mara moja, ingawa hakuwahi kuiona kutoka juu. Aligusa kioo kwa kidole.

"Mwanangu, si pale nyumbani? Ule ukuta pale ndio wetu. Mbona anapita?"

Nikamweleza kwamba ndege inakwenda hadi ng'ambo ya Mbeya, halafu gari linaturudisha huku huku. Aliupokea ufafanuzi ule bila neno, lakini aliendelea kuutazama ule ukuta wa milima ya Kitulo mpaka bawa lilipouficha.

Songwe haikuonekana. Kilichoonekana ni weupe uliojaa bonde kama maziwa kwenye bakuli, na vilele vya milima vikiwa vimejitokeza kandokando, vikavu na vyenye jua. Rubani alituambia kwamba tutazunguka kidogo. Tukazunguka. Kisha akaanza kushuka. Tukaingia katika weupe ule, madirisha yakapofuka, watu wakanyamaza. Tulishuka, tukashuka, na ghafla injini zikanguruma kwa nguvu, pua ya ndege ikainuka na migongo yetu ikabanwa kwenye viti. Tukatokea tena juu ya mawingu, kwenye jua.

Sheria ya jambo lile haina fumbo. Kwa kila uwanja na kila njia ya kuuendea kuna kimo kilichoandikwa. Rubani anayeshuka ndani ya mawingu akikifikia kimo hicho bila kuiona njia ya kutulia au taa zake, hana ruhusa ya kushuka zaidi. Anaongeza nguvu, anapanda, anaondoka. Mafuta nayo yamehesabiwa kabla ya kuruka: ya kufika anakokwenda, ya kwenda uwanja mwingine uliotajwa katika mpango wa safari, na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo imewekwa ili isiguswe. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba uamuzi mgumu umekwisha kufanywa mapema, ardhini, na watu waliotulia. Rubani hahitaji kuamua upya akiwa ndani ya ukungu, huku abiria wakitazama saa zao. Kilichobaki kwake ni kutii, ingawa kutii nako kunataka moyo.

Alitangaza kwamba tunakwenda Dodoma kungojea hali ibadilike. Mguno ukapita katika ndege nzima. Jamaa mmoja wa kiti cha nyuma yetu, mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo Tunduma, alisema kwa sauti ambayo hakukusudia kuificha, "Rubani mwingine angetua."

Mama mmoja upande wa pili wa njia akamjibu bila kugeuka, "Kaka yangu, Bukoba umeshaisahau?"

Hakuna aliyeongeza neno. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya hali mbaya ya hewa, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. Walitoka hai 24, na 19 wakafariki. Waliowahi kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watanzania wengi tunaikumbuka asubuhi ile kwa picha moja, mkia wa ndege ukiwa juu ya maji. Mama yule aliuleta mkia ule mbele yetu kwa neno moja, na yule jamaa akakunja mikono akatazama chini.

Dodoma tulikaa ndani ya ndege, mlango ukiwa wazi na joto likiingia. Simu zikaanza. Huyu alikuwa na usaili, yule alikuwa na kesi mahakamani, mwingine alikuwa anawahi maziko. Sitaki kuyapunguza mambo yale; kuchelewa kuna bei yake, na wapo ambao siku ile waliilipa kwa kitu kisichorudi. Aliyekosa kumzika ndugu yake hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba yuko hai. Rubani alitoka chumbani kwake, akasimama mbele ya viti akiwa na shati jeupe lililokunjwa mikono, akaeleza kwa maneno machache: ukungu haujapungua kiasi kinachotakiwa, mafuta yameongezwa, tutaondoka tutakapoambiwa Songwe panaonekana. Kwa upande mmoja wa uso wake palikuwa na alama nyekundu, pale vifaa vya masikioni vilipokuwa vimebana. Watu wakauliza maswali makali. Akayajibu yote kwa sauti ile ile.

Shangazi aliinua mkono.

"Baba, umekunywa chai?"

Rubani akacheka kwa mara ya kwanza. "Bado, mama."

Mkoba wa kamba ukafunguliwa. Ndani yake, chini ya khanga ya mjukuu, palikuwa na maandazi yaliyofungwa katika mfuko wa karatasi, ya kula njiani. Akatoa mawili, akayapitisha mkono kwa mkono mpaka yakamfikia. Rubani aliyapokea kwa mikono miwili. Sijui kama aliyala, lakini niliona namna watu walivyobadilika baada ya hapo. Maswali yalipungua ukali. Yule jamaa wa Tunduma akampisha mzee mmoja aliyetaka kujinyoosha, kisha akaanza kumweleza habari za mzigo wake. Mwanamke wa mlimani, asiyejua chochote kuhusu vimo wala akiba ya mafuta, alikuwa amemwambia rubani kwa maandazi kwamba uamuzi wake umepokelewa.

Tulitua Songwe adhuhuri inakaribia, mbingu zikiwa safi kana kwamba hapajatokea kitu. Nje ilitungoja Hiace ya Matamba, gari la kila siku la kupanda na kushuka mlima, ambalo siku ile binamu yangu alilipangia litufuate uwanjani na kuokota abiria wengine Mbeya na Chimala. Dereva alikuwa ametungoja tangu asubuhi. Hakulalamika, ila alitaja jambo moja alipokuwa anafunga mizigo yetu juu ya keria: kufikia saa ile, siku nyingine, angekuwa amekwisha kupanda mlima mara moja.

Kila anayepanda daladala au gari la mkoani anajua maana ya maneno hayo. Gari lina mwenyewe, na mwenye gari anataka hesabu. Hesabu ni kiasi kilichopangwa, dereva anakipeleka jioni hata mvua inyeshe, hata njia ifungwe, hata abiria wakose. Kinachozidi hesabu ndicho chakula cha dereva na konda wake; hesabu ikipungua, wanadaiwa. Kwa hiyo saa za kungoja uwanjani zilikuwa zimetoka mfukoni mwake kabla hatujamsalimu. Rubani wa asubuhi alipogeuza ndege, nyuma yake palikuwa na sheria iliyoandikwa, mnara wa kuongozea ndege, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na mshahara usiopungua kwa sababu ya ukungu. Dereva wa Hiace ana usukani na dhamiri yake.

Tulipita Mbalizi, tukapanda Iwambi, tukaliacha jiji la Mbeya nyuma na kupita Uyole, njia panda ya kwenda Tukuyu na mpaka wa Malawi. Barabara hii kuu ndiyo inayobeba shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mafuta na mbolea kurudi huko. Malori hayaishi. Baada ya Uyole nchi inainuka, kisha inaanza kuporomoka kuelekea Inyala na bonde la Usangu, na miteremko ile inajulikana nchi nzima kwa ajali zake. Huko ndiko madereva wageni wanakoangamia, na wenyeji waliozoea kupita kiasi pia.

Tulikuta foleni. Lori lilikuwa limelala ubavu mtaroni, matairi yakitazama barabara, mifuko ya saruji imepasuka na vumbi lake limewatia weupe watu wote waliokuwa karibu. Dereva wake alikuwa hai. Alikaa juu ya jiwe, viatu amevivua, akiinywa chupa ya maji kidogo kidogo. Tulipokuwa tunapenya taratibu nyuma ya lori jingine, dereva wetu alivuta hewa puani.

"Inanuka," akasema. "Sio yetu. Ya huyu wa mbele."

Ilikuwa harufu ya breki, kali, kama ya kitu kilichoungua lakini hakikushika moto. Akaacha nafasi kubwa kati yetu na lori lile, na wa nyuma yetu wakapiga honi. Alinieleza huku macho yakiwa barabarani. Anayeteremka mlima mrefu kwa kukanyaga breki mfululizo anazichemsha. Zikichemka zinapoteza mshiko. Unakanyaga, gari linakwenda. Lori la breki za upepo likikanyagwa tena na tena linaweza kuishiwa upepo kabla mteremko haujaisha. Wapo wanaoachia gari lishuke fri, bila gia, ili kuokoa mafuta, na hao ndio gari linawatoka mikononi kabisa. "Shuka na gia uliyopandia," alisema. "Injini ndiyo inayolishika gari. Breki ni ya kusimamia." Akashuka namba mbili mteremko wote, injini ikilia, Hiace ikitambaa, na kila aliyeweza kutupita alitupita.

Yule mfanyabiashara wa ndegeni nilimkumbuka pale. Neno lake, "mwingine angetua," lilikuwa linapita kando yetu kwa magurudumu. Kila gari lililotupita lilikuwa ushahidi kwamba tungeweza kwenda kwa kasi zaidi, na magari yote yale, kwa kadiri nilivyoona, yalifika chini salama.

Chimala tulifika alasiri. Mlima unaanza hapo hapo mjini, unasimama ghafla kutoka kwenye tambarare, na barabara ya Matamba inaupanda kwa kona zinazojipinda moja juu ya nyingine. Watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona hizo. Chini ni bonde la mpunga, lenye kimo cha mita kama 1,100. Juu, ukiendelea kupita Matamba, ni uwanda wa Kitulo, kama mita 2,600. Tofauti hiyo yote unaipanda ndani ya safari moja fupi, masikio yakiziba na kuzibuka.

Februari ndiyo wakati wake mzuri. Kati ya Desemba na Aprili uwanda wa Kitulo unachanua, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa ajili ya mimea hasa: aina zaidi ya 350, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Hatari iliyowasukuma wengi kuomba ulinzi huo ilikuwa biashara ya viazi vya okidi, vilivyochimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako vinapikwa chikanda. Lakini mvua inayoleta maua ndiyo mvua inayoilainisha barabara. Anayetaka kuiona Bustani ya Mungu ikiwa imechanua anaiendea wakati njia yake ni mbaya kuliko nyakati zote, na viazi vya shangazi navyo vinakomaa msimu huo huo. Mlima unatoa kila kitu kwa wakati mmoja, kizuri na cha hatari, na unamwachia binadamu kazi ya kupanga.

Siku ile juu palikuwa peusi. Ngurumo zilisikika, na maji mekundu yalikuwa yanatiririka kwenye mtaro wa barabara ya mlimani. Gari letu lilikuwa limejaa: akina mama wenye ndoo na vitenge vipya, wanafunzi wawili, fundi mmoja na mabati yake kwenye keria. Dereva akazima injini.

"Tunangoja gari la juu lishuke," akasema. "Atuambie kukoje."

Kelele zikaanza. Kutakuchwa. Mvua ikizidi je? Wenzako wanapanda. Kweli, Noah moja iliyokuwa imeegeshwa mbele yetu ilijaza abiria, ikapiga honi, ikaingia kona ya kwanza na kupotea. Fundi wa mabati akasema maneno ambayo yamewapeleka madereva wengi makaburini: "Kama huwezi, sema, tutafute anayeweza." Akina mama wawili wakashuka na kuomba warudishiwe nauli. Konda aliwarudishia, noti kwa noti, na dereva alitazama pembeni. Hesabu ya jioni ilikuwa inazidi kupungua mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukataa kwa dereva ni kugumu kuliko kukataa kwa rubani. Tunazo methali za kutosha kuhusu mwendo. Haraka haraka haina baraka. Polepole ndio mwendo. Mwenda pole hajikwai. Zote ni za kweli, na zote zinamsemesha mwenye haraka. Dereva hana haraka yake mwenyewe. Anasukumwa: na mwenye gari, na abiria, na Noah iliyoondoka. Kumpa methali mtu anayesukumwa ni kumbebesha peke yake mzigo ambao wengine ndio walioufunga.

Tena hawezi kuthibitisha kwamba amefanya vema. Hili ndilo limenishughulisha zaidi. Ile Noah ilifika salama. Tuliikuta Matamba usiku ikiwa imeegeshwa mbele ya hoteli ya chai. Yule fundi angeweza kusema, na alisema, kwamba tulipoteza muda bure. Ajali iliyotokea ina gari lililopinduka, ina majina, ina tarehe. Ajali iliyozuiliwa haina shahidi. Hakuna mahali utakapokwenda kuiona. Mtu mwangalifu anaishi maisha yake yote akionekana mwoga, kwa sababu kila mara anapokuwa sahihi hakitokei kitu, na kutotokea kitu hakuandikwi gazetini. Mzembe naye hufika mara nyingi, na kila anapofika anahesabiwa kuwa hodari, mpaka siku moja.

Gari la juu lilishuka baada ya muda mrefu, tope limelipaka hadi madirishani. Madereva wawili wakazungumza dirisha kwa dirisha. Kona za juu zilikuwa zinateleza, sehemu moja udongo ulikuwa umeporomoka nusu ya njia, lakini panapitika kwa gari linalokwenda taratibu. Dereva wetu akashuka, akakagua matairi, akamwita konda. Konda alikuwa kijana mwembamba mwenye buti za mpira. Kutoka chini ya kiti cha nyuma alitoa gogo la mti lililochongwa upande mmoja, likiwa na kamba kwenye ncha, jeusi kwa mafuta na matope ya miaka.

Tulianza kupanda. Kwenye kona mbaya, Hiace ilipolazimika kurudi nyuma kidogo ili kukata kona, konda aliruka chini akalitupa gogo nyuma ya tairi, akalikandamiza kwa buti, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili. Dereva akaachia breki, gari likaegemea gogo, gia ikaingia, tukasonga. Konda akalivuta gogo kwa kamba, akakimbia nyuma yetu katika matope, akadandia. Akafanya hivyo kona hadi kona, ukungu ukiwa umetufikia na taa zikimulika weupe mtupu. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza. Nilisikia pumzi ya konda kila alipodandia, na kila alipopiga ubavu wa gari nilijua kwamba gogo limekaa. Maisha yetu sote yalikuwa yameshikwa na kipande cha mti na kijana aliyejua mahali pa kukiweka.

Palipoporomoka udongo, dereva aliomba tushuke. Fundi wa mabati hakubisha. Tulivuka kwa miguu, tukishikana mikono, shangazi akiwa katikati yangu na mwanafunzi mmoja, magoti yake yakilia lakini uso wake umetulia, maana sasa alikuwa kwao na alijua kila jiwe. Gari likavuka tupu, taratibu, tairi za nje zikikanyaga ukingo. Tukapanda tena.

Matamba tuliingia usiku, baridi ikiuma. Shangazi alilipa nauli yake aliyopatana, kisha akahesabu elfu tano nyingine na kuiweka katika kiganja cha dereva.

"Hii si ya kupanda," akamwambia. "Ni ya pale chini ulipokaa."

Akampa na konda andazi lililobaki.

Nimelitafakari tendo lile mara nyingi, kwa sababu linafanya kitu ambacho methali zetu hazijafanya. Limelipia kusubiri. Mwenye gari hutoza hesabu ya safari zilizofanyika. Shangazi alilipia safari iliyokataliwa kwa muda, akaipa thamani ya fedha, mbele ya abiria wengine, ili dereva ajue na wenzake wajue. Elfu tano haikujaza pengo la siku ile. Lakini ilimwambia dereva kwamba kuna mtu aliyemwona alipokuwa anapoteza, na aliyeelewa kwamba alipoteza kwa ajili yetu.

Serikali imefanya sehemu yake. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayasimamia, na abiria wengi tumekwisha zoea mlio unaolia dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa. Hayo yanasaidia kwenye lami. Kwenye kona za Hamsini na Saba hakuna mlio. Gari linaweza kwenda kilomita kumi kwa saa na bado likawa linakimbia mno. Huko sheria pekee inayofika ni ile wanayokwenda nayo watu waliomo ndani ya gari.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa mwenye gari, kwa abiria na kwangu mwenyewe. Mwenye gari na apange hesabu ya siku za mvua iwe tofauti na ya siku za jua, maana mlima nao una hesabu mbili. Abiria akisikia mwenzake anasema "mwingine angepanda," asinyamaze. Aseme kama alivyosema yule mama ndegeni, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka. Na dereva anapozima injini chini ya mlima, tumwulize kwanza kama amekula. Rubani alikataa kutua akiwa ameegemea kitabu cha sheria. Dereva wa Hiace atakataa kupanda siku atakapojua kwamba walio nyuma yake watamwunga mkono, na hapo atakuwa na sheria ya kuegemea, hata kama haijaandikwa popote.